Damu Iliyovilia

Ng'ombe alimpiga kaka yangu ubavuni, upande wa kushoto, na mlio niliousikia ulikuwa kama wa gunia la mhogo lililoangushwa kutoka juu ya gari. Kaka alinyanyuka hewani, akaanguka kifudifudi, na yule dume akamrudia. Alimkanyaga mgongoni. Alimsukuma kwa paji la uso kama anayetafuta kitu chini yake, mpaka wanaume walioshika kamba walipovuta kwa pamoja, kamba ikamkaba ng'ombe shingo hata ulimi ukamtoka. Mpiga zumari hakunyamaza. Wanawake waliokuwa wakiimba waliendelea kuimba, tena kwa sauti zaidi, maana mchezo ulikuwa umenoga.

Ndivyo unavyochezwa mchezo wa ng'ombe kwetu Wingwi. Mashamba yakishavunwa, dume hufungwa kamba ndefu, akatiwa hasira kwa ngoma na kelele, na vijana wakaingia mmoja mmoja na kitambaa mkononi kumchokoza. Ng'ombe hauawi. Anayeweza kufa ni kijana. Watu hutoka Shumba na Msuka kuja kutazama. Inasemwa kwamba mchezo huu tuliachiwa na Wareno, na huenda ni kweli, ila nimegundua kwamba sisi Wapemba kila kitu tusichojua kilikotoka tunampa Mreno, kisima kikavu na ukuta uliobomoka pamoja.

Kaka alisimama, akajipangusa vumbi, akacheka. Meno yake yalikuwa na damu kwa sababu alikuwa amejiuma mdomo. Pembe za dume yule zilikatwa ncha, kwa hiyo hapakuwa na tundu mwilini wala jeraha la kufunga. Palikuwa na wekundu tu chini ya mbavu, mpana kama kiganja.

"Kan'busu tu," alisema, na watu wakamshangilia.

Tulipofika nyumbani alikuwa hasemi tena.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu, bara, na shahada ya falsafa ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyejua matumizi yake. Baba yetu alikwisha kufariki. Mwenye sauti nyumbani alikuwa baba mdogo, mtu mrefu, mikono yake migumu kwa kukwea mikarafuu tangu utoto. Aliwahi kuniuliza mara moja nilichosomea. Nikamwambia kwamba nilisoma jinsi watu walivyofikiri tangu enzi za Wayunani mpaka leo, na jinsi walivyokuja kujua kwamba walikosea.

"Na serikali inakulipa kwa hilo?"

"Bado sijapata ajira."

"Basi serikali nayo ina akili."

Sikuwa mgeni wa kupigwa kwa sababu ya maswali. Chuoni, nilipokuwa najifunza Kurani, mwalimu alinichapa vidole kwa kuuliza jua likizama huku linakwenda kulala wapi. Skuli nilichapwa bakora za makalio kwa kumuuliza mwalimu wa sayansi ni nani aliyeiona atomu. Baba mdogo mwenyewe alinizaba kofi siku niliyouliza kwa nini mashetani hupanda vichwani mwa wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo niliposoma chuo kikuu habari za yule mzee wa Athene aliyenyweshwa sumu kwa sababu ya kuwauliza watu maswali sokoni, hukumu yenyewe haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba walimngojea mpaka akazeeka.

Jioni ile kaka alilazwa juu ya mkeka uani. Uso wake ulikuwa umepauka, rangi ya jivu la kuni. Jasho lilimtoka na ngozi yake ilikuwa baridi. Alikuwa anaomba maji kila mara, na analalamika bega la kushoto linamuuma, bega ambalo ng'ombe hakuligusa. Nilipomwekea mkono tumboni nilikuta limekaza kama ngozi ya ngoma.

Baba mdogo alimtazama, akasema, "Damu imevilia," akatuma aitwe fundi wa chuku.

Chuku kwetu ni pembe. Ni pembe ya ng'ombe iliyokatwa, ina tundu dogo kwenye ncha. Fundi huchanja ngozi kwa wembe, huiweka pembe juu ya chale, huvuta hewa kwa kinywa kupitia lile tundu, kisha huliziba kwa nta anayoitafuna huku anavuta. Pembe inabaki imeng'ang'ania, na damu inajaa ndani. Siku hizi wenye kliniki zao mjini wanatumia vikombe vya plastiki na wanaiita hijama, lakini kwa watu wazima wa kwetu ni kupiga chuku tu, na hakuna aliyewahi kuumia mgongo Wingwi asipigwe.

Fundi alikuja na pembe zake ndani ya kikapu. Alikuwa mtu mpole, kanzu safi, sauti ndogo. Alimpapasa kaka, akatueleza kama mwalimu. Mwili wa binadamu una vitu vinne, alisema: damu, balghamu ya makohozi, safura ambayo ni nyongo ya manjano, na sauda, nyongo nyeusi. Vikienda sawa mtu huwa mzima, kimoja kikituama mahali pasipo pake mtu hudhoofika. Damu imetuama ubavuni, imepanda begani, lazima itolewe.

Vitu vile vinne nilikuwa nimevisoma maktabani, kwa Kiingereza, nikaviandikia insha. Vilitoka kwa matabibu wa Kiyunani, vikakaa vichwani mwa watu wa Roma, vikatafsiriwa Baghdad, vikasafiri na wafanyabiashara na vitabu vya dini mpaka vikafika kwetu na majina yake ya Kiarabu. Huko vilikozaliwa watu walikwisha kuvizika. Hospitalini kwetu, ukisema safura, daktari anaelewa ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu. Lakini uani kwetu vilikuwa vizima kabisa, vimeshika wembe, vinataka kumchanja kaka yangu.

"Fundi," nilisema, "hii damu haijavilia. Inavuja. Inavuja ndani, ndiyo maana tumbo limekaza. Wewe ukimtoa nyingine utamwua."

"Umeiona?" aliniuliza kwa upole.

"Sijaiona."

"Basi."

"Na wewe hujaiona!"

"Mie naifuata walipoiona wakubwa zangu."

Baba mdogo alinishika mkono wa juu, akaubana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. "Mwanamke, kaa. Wenzio wanatibu."

Fundi alichanja begani, akapachika pembe ya kwanza. Kaka hakulia. Hilo lilinitisha, kwani kaka hulia hata akichomwa na mwiba.

Mama alikwisha kutoka barazani na simu. Tulikuwa na mpangaji katika chumba cha mbele, kijana wa bara, Mkristo, tabibu katika kituo cha afya. Mama alimpenda, akimpikia na akimwita mwanangu. Kutoka uani nilimsikia mama akisema naye, upande wake peke yake:

"Mwanangu, kaka yenu kapigwa na ng'ombe. Ubavuni. Ee, kasimama, katembea mwenyewe, kacheka. Sasa? Sasa hapa watu wanapiga chuku." Akanyamaza akisikiliza. Sauti yake ikalegea. "Haya mwanangu. Haya. Mungu akuweke."

Akaingia uani uso umemkunjuka. "Daktari kasema kama watu wanapiga chuku tu, basi hakuna haraka. Atapita akitoka kazini."

Baba mdogo alicheka kwa sauti. "Umesikia, bibi falsafa? Hata daktari wa serikali."

Fundi akapachika pembe ya pili, ubavuni.

Sikuelewa. Yule kijana aliwahi kuniambia kwa kinywa chake kwamba kuchanja watu ni balaa. Nilimpokonya mama simu, nikampigia palepale nimesimama katikati ya ua. Alipokea anacheka.

"Dada, nimeshamwambia mama. Najua watu wa huku, mtu akijikwaa mnasema kafa. Mama mwenyewe amekiri kwamba wanapiga chuku."

"Chuku gani?"

"Si kutia chumvi? Kukuza jambo? Chuku, ile tamathali ya semi tuliyofundishwa shuleni."

"Daktari, chuku ni pembe. Wanamchanja kwa wembe, wanamvuta damu kwa pembe. Hivi sasa ninavyosema nawe."

Kicheko kilikatika. "Anatokwa jasho?"

"Ndiyo. Baridi."

"Bega la kushoto linamuuma?"

"Linamuuma. Wamemchanja hapohapo."

"Alipigwa begani?"

"Hapana!"

"Bandama imepasuka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Mtoeni hapo. Msimpe maji. Asilale. Mpelekeni hospitali moja kwa moja, nitawapigia waandae chumba cha upasuaji." Akavuta pumzi. "Gari la wagonjwa nimeliruhusu sasa hivi kumchukua mjamzito. Lilikuwa hapa nje, dada. Lilikuwa limesimama hapa hapa."

Sikumngoja amalize. Nilimrukia fundi. Niliivuta ile pembe ya begani, ikatoka kwa mlio kama wa busu, na damu nzito ikammwagikia kaka kifuani. Fundi alirudi nyuma. Baba mdogo alinipiga kofi nililolisikia kama mlango umefungwa ndani ya sikio langu. Nilianguka juu ya kikapu, pembe zikatawanyika. Alipoinama kunishika kanga nilimuuma mkono, chini ya kidole gumba, nikauma mpaka meno yakakutana na mshipa. Alinguruma. Akanipiga tena, safari hii kwa ngumi, mgongoni, nami sikuuachia mkono.

"Wacheni," kaka alisema kutoka mkekani, polepole. "Mie n'nataka kulala."

Mama ndiye aliyemaliza. Aliuchukua wembe kutoka vidoleni mwa fundi, mzee wa watu hata hakubisha, akasimama mbele ya mwanawe ameunyoosha. Sikuwahi kumwona mama ameshika kitu kwa namna ile.

"Mtu mwingine akimgusa mwanangu bila ya kumpakia garini," alisema, "n'tamchanja yeye. Na wewe shemeji. N'takuchanja uso."

Jirani yetu alikuwa na kirikuu, ile gari ndogo ya mizigo, ndani imejaa nazi za kupeleka mjini. Tulizimwaga njiani. Mama aliingia mbele. Mimi nilipanda nyuma, kichwa cha kaka mapajani mwangu. Baba mdogo alipanda pia, bila ya kuulizwa, akakaa miguuni pa kaka huku akinyonya mkono niliomuuma. Hatukutazamana.

Barabara ya kutoka kwetu hadi kwenye lami ni mawe na mashimo. Kila shimo lilimfanya kaka atoe sauti ndogo. Jua lilikuwa bado juu ya minazi.

"Maji," alisema.

"Hakuna."

"Kwani mie n'memwua nani?"

Baba mdogo alikuwa na chupa. Alianza kuifungua, nikaipiga teke, ikaruka nje ya gari. Alinyanyua mkono anipige, gari likadunda, akajishika ukingoni.

Macho ya kaka yalianza kufumba. Nikamzaba kofi. Akayafumbua, yana hasira.

"Asilale," nilimwambia baba mdogo. "Tabibu kasema asilale."

"Basi niseme nini?" kaka alisema, ulimi mzito. "Sema wewe. Si unajua kusema. Hebu wataje wale wendawazimu wako, wa chuo kikuu."

Kwa hiyo nilianza. Sikuwa na kitu kingine kichwani. Nilianza na mzee wa Athene na sumu yake.

"Kainywa mwenyewe?" kaka aliuliza.

"Kapewa kikombe, kanywa, kazungukazunguka chumbani mpaka miguu ikamwia mizito."

"Mjinga. Angekimbia."

"Rafiki zake walimwambia akimbie. Kakataa."

"Basi Mpemba huyo."

Nikamweleza habari za mzee wa kisiwa cha Sisili aliyekuwa amechora maduara mchangani wakati maadui wanaingia mjini, na askari aliyemwamuru asimame, na mzee akataka kwanza amalize hesabu yake, na upanga. Kaka alitabasamu kidogo. "Na mie ningemkata. Mtu unamwambia inuka, yeye anachora." Nikamweleza habari za mwanamke wa Iskandaria, mwalimu wa hesabu na nyota, aliyeshushwa kwenye kipando chake na kundi la watu, wakamburura, wakamvua nguo, wakamkata kwa vigae.

"Kwa kuwa kafanyaje?"

"Kasoma. Na wakubwa wa mji walikuwa wanagombana, yeye yuko katikati."

"Na baba yake mdogo hakumzuia?"

Baba mdogo alitazama kando.

Macho yakafumba tena. Nilimfinya kwapani, mahali nilipomfinya tulipokuwa watoto tukigombea ubwabwa. Nikapaza sauti juu ya injini. Nilimwambia habari za tabibu aliyekuwa akiwatibu wapiganaji wa viwanjani, watu waliokatana mapanga mbele ya umati kwa burudani, na kwamba kwenye majeraha yao ndimo alimochungulia akajua mwili. Watu wafu alikatazwa kuwapasua, kwa hiyo alipasua nguruwe na nyani, wengine wakiwa hai, mbele ya watazamaji. Akaandika. Na kwa zaidi ya miaka elfu watu walimwamini hata mahali alipokosea, na vile vitu vinne vya fundi ndivyo alivyovitetea.

"Kumbe wa fundi huyo huyo," kaka alisema.

"Huyo huyo. Halafu akaja tabibu wa Uajemi aliyethubutu kuandika kitabu cha kumtilia shaka. Inasimuliwa kwamba mtawala mmoja aliamuru apigwe kichwani kwa kitabu chake mwenyewe, mpaka kitabu kipasuke au kichwa kipasuke, na akawa kipofu. Sijui kama ni kweli."

"Hujui?"

"Wengine wanasema ni uzushi."

"Niambie la kweli basi, mie n'nakufa."

Alisema hivyo kwa utulivu. Nilimpiga kofi jingine, zito kuliko yale ya mwanzo, na safari hii hakufumbua macho haraka. Mdomo wake ulikuwa mweupe. Niliendelea, nikamwambia habari za kadhi wa Andalusi aliyechomewa vitabu vyake vya falsafa akafukuzwa mji, za tabibu wa Dameski aliyesema damu hupita mapafuni kabla ya kurudi moyoni na watu wakampuuza, za mtawa aliyechomwa moto Roma akiwa amefungwa ulimi ili asiseme tena kwamba nyota ni majua yenye dunia zake. Nilisema bila ya mpangilio. Damu ya chale ilikuwa imelowesha kanga yangu, ikaganda.

Kaka hakujibu.

Nilinyamaza. Sikuweza kukumbuka nani alifuata.

"Endelea!" Baba mdogo alinifokea. Alikuwa amepiga magoti, ameshika nyayo za kaka kwa mikono miwili. "Huyo wa moto. Kwa nini walimfunga ulimi? Sema!"

"Asiwaambie watu."

"Watu si walishamsikia?"

"Ndiyo."

"Sasa kumfunga ulimi kuna faida gani? Na wewe, kijana, unasikia? Unasikia upumbavu huu?" Alimsugua nyayo kwa nguvu. "Aliyefuata? Aliyefuata kauawa na nani?"

Nikamwambia habari za wapasuaji wa Ulaya waliowaiba watu walionyongwa kutoka kwenye miti ya kunyongea, wakawapasua sebuleni, wakagundua kwamba yule tabibu wa wapiganaji alikuwa ameeleza mifupa ya nyani.

"Waliwaiba maiti?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Astaghfirullah. Na wenyewe, jamaa zao?"

"Hawakuulizwa."

"Sema mwingine."

Nikamwambia habari za mwanakemia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa na wanamapinduzi, na za daktari aliyewataka wenziwe wanawe mikono kabla ya kuwazalisha wanawake. Walimcheka. Mwishowe walimfungia na vichaa, walinzi wakampiga, na jeraha likaoza, akafa.

"Kwa kunawa mikono?" Baba mdogo alisema. "Kwa kutawadha?"

Kaka alifungua jicho moja. "Wazungu hao," alinong'ona, "hawana adabu."

Baba mdogo alicheka, kicheko kilichofanana na kulia, akampiga kaka makofi madogo ya miguu. Tukafika kwenye lami. Nilikuwa nimeanza habari za wanasayansi waliotengeneza bomu lililochoma miji miwili ya Japani, na baba mdogo alikuwa ananiuliza kama walikuwa wanajua, kama walijua kabla, tulipoingia lango la hospitali.

Walimchukua kwenye kitanda cha magurudumu. Mpasuaji alitazama chale za begani na za ubavuni, akatutazama sisi, mlango ukafungwa. Watu wa kwetu waliofuata kwa pikipiki walitolewa damu ya kumwongezea kaka, na baba mdogo pia. Alijilaza, akafumba ngumi, akaitazama damu yake ikiingia kwenye mfuko, na mfuko ulipojaa alimuuliza muuguzi kama kaka ataipata yote. Muuguzi akamwambia ndiyo. Akauliza atajuaje.

Mpangaji wetu alifika kwa pikipiki, bado amevaa koti lake jeupe. Alikwenda moja kwa moja kwa mama, akachutama mbele yake, akaanza kueleza neno chuku, jinsi alivyolisikia, jinsi alivyofundishwa. Mama alimsikiliza. Kisha alimpiga kofi, akamvuta kichwa, akamkumbatia, na wote wawili wakalia pale ukumbini.

Kaka hakufa siku ile. Asubuhi walituambia bandama ilikuwa imepasuka, wameitoa, na kwamba kama tungechelewa kidogo wangekuwa wanatukabidhi maiti. Baba mdogo aliuliza bandama iko wapi. Mhudumu akasema vitu vya namna ile huchomwa. Baba mdogo alimkamata mhudumu shingoni.

"Nyama ya mwanangu ichomwe? Nyama ya Muislamu? Mnamfanya mshikaki?"

Ilibidi tuwatenganishe. Lakini tulikabidhiwa bandama, imefungwa kwenye shashi na mfuko, kwa sababu kiungo cha mtu hakitupwi, kinazikwa. Baba mdogo alichukua jembe, na mimi nikafuata, ingawa wanawake hawafuati mazishi. Hakunikataza. Tulikwenda kiungani kwetu, ng'ambo ya mikarafuu, akachimba shimo dogo, la kina cha mkono.

"Nataka kuiona," nilisema.

"Ya nini?"

"Fundi aliniuliza kama nimeiona."

"Wacha mwili wa mtu!" Akauvuta mfuko, nami nikauvuta. Tulivutana juu ya shimo kama watoto, akanisukuma kifuani, nikampiga teke la ugoko, na mfuko ukapasuka. Shashi ikaanguka mchangani, ikafunguka yenyewe.

Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, ya zambarau, na katikati palikuwa na ufa uliokwenda toka ukingo huu hadi ukingo ule, kingo zake zimechanika kama nyanya iliyokanyagwa. Ndani ya ufa palikuwa na damu nyeusi iliyoganda.

Baba mdogo alichuchumaa. Alitazama kwa muda. Kisha alitia kidole chake ndani ya ufa, taratibu, mpaka kwenye pingili ya kwanza, akakitoa, akakitazama, akakifuta kwenye majani.

"Na mtu anaweza kuishi bila ya kitu hiki?"

"Wanasema anaweza."

"Wanasema kina nani?"

"Madaktari. Na vitabu."

"Wewe umewahi kumwona mtu asiye na bandama, anayeishi?"

"Sijawahi."

Aliifunga shashi, akaiweka shimoni, upande wa kibla. Akarudishia udongo kwa mikono, si kwa jembe.

"Basi tutamtazama," alisema. "Mie na wewe. Kila siku."